Kabla ya kupanda bustani kwenye kiwanja chako Dodoma, hesabu maji

Wengi wanaojenga Ilazo, Iyumbu, Nzuguni au Mtumba huanza kufikiria bustani rangi ya mwisho inapopakwa ukutani. Hapo mabomba yameshafukiwa, pavingi imeshatandikwa, udongo mzuri wa juu umeshazolewa na kijiko pamoja na visiki vyake, na pesa iliyobaki inatosha maua ya viriba tu. Kwa Dodoma huko ni kuchelewa. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Miezi mingine ni jua na upepo. Aliyehamia na wizara yake kutoka Dar es Salaam akija na mazoea ya kule, bustani itamfia mikononi ifikapo Agosti.

Kwa hiyo kabla hujaenda kitaluni, kaa na kalamu. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi unazotaka zibaki kijani kiangazi chote zinahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na upepo wa Septemba huzidisha kiasi hicho. Tuseme umetenga mita za mraba 100 za nyasi, eneo ambalo kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 halionekani kubwa. Hizo ni lita 500 kila siku, sawa na uniti 15 kwa mwezi (uniti moja ni lita 1,000), kwa miezi sita au saba mfululizo. Sasa linganisha na miti michanga kumi inayopewa lita 20 kila mmoja mara mbili kwa wiki: haifiki uniti 2 kwa mwezi, na baada ya misimu miwili au mitatu mingi kati yake hutaimwagilia tena. Binafsi ningeacha nyasi ziwe kipande kidogo mbele ya baraza, pale watoto wanapocheza, na sehemu nyingine yote niwape miti, vichaka na kokoto. Anayetaka uwanja mzima wa kijani na autake, ila ajue bei yake kabla bili haijaanza kuingia.

Baada ya kiasi, tazama maji yanatoka wapi. Maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na mji umekua haraka kuliko visima hivyo. Mgao upo. Waulize majirani maji hutoka siku zipi, kisha nunua tenki la kukuvusha siku zisizo na maji, bustani ikiwa imehesabiwa na si jiko na bafu peke yake. Usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Utavuta maji ya jirani, na bomba likiwa na ufa utavuta na uchafu. Maji yaingie kwanza kwenye tenki, pampu ivute humo.

Wanaofikiria kisima kirefu wana mambo mawili ya kumaliza kabla mtambo wa kuchimbia haujafika. La kwanza ni kibali: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka upitie bodi ya maji ya bonde, na kwa sehemu kubwa ya jiji hilo ni bonde la Wami/Ruvu. La pili ni chumvi. Visima vingi vya Dodoma hutoa maji yanayokatalia sabuni, na mengine huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Peleka sampuli maabara, au angalau chunguza mimea ya jirani mwenye kisima: majani yakiungua kingo kama yaliyopitiwa na moto, jibu umelipata. Maji ya namna hiyo yatamuua mparachichi, na michungwa na milimau itadumaa. Mkomamanga, mtende, bogenvilia na mwarobaini huvumilia zaidi. Chumvi huziba pia vitundu vya mipira ya matone, ile inayodondoshea mimea maji kidogo kidogo, hivyo chujio si la hiari.

Chanzo cha tatu watu hukiangalia kikipita. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua moja nzito ya milimita 40 hukusanya lita 6,000, na hata ukitoa zinazopotea, tenki la lita 5,000 karibu linajaa kwa mvua hiyo moja. Mvua za Dodoma ndivyo zilivyo: chache, za kishindo, zinakwenda korongoni ndani ya saa moja. Waagize mafundi wafunge mifereji ya paa mapema, tenki liwe na mfuniko ili mbu wasizaliane, na maji yanayofurika yaelekezwe kwenye mashimo ya miti badala ya getini. Hapa wenyeji wana ujuzi wa kutosha. Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma, yalibuniwa ili kushika maji ya mvua kwenye shamba la mtama, na makinga maji ya nusu mwezi yanayochimbwa kwenye malisho ya Kongwa yanafanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Ukichimba kijinusu mwezi upande wa chini wa kila mti, mdomo ukiangalia mlimani, umeshapunguza kazi ya ndoo. Lakini usizibe njia ya asili ya maji kwa ukuta au kifusi. Yatatafuta pa kupita, na mara nyingi hupitia kwa jirani wa chini.

Mfumo wa kumwagilia upangwe pamoja na mabomba ya nyumba. Kabla pavingi haijatandikwa, laza bomba tupu la plastiki la inchi 3 au 4 chini ya njia ya gari na njia za miguu. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kung'oa pavingi baadaye. Weka koki mbili au tatu nje, tofauti na ile ya kuoshea gari. Jambo ambalo mafundi wengi hawasemi ni kuhusu presha. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa baa 0.3 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni kama baa moja. Presha hiyo inatosha mipira ya matone ya presha ndogo, lakini vinyunyizio vya kuzunguka vinavyohitaji baa 2 au zaidi vitatoa mate tu. Ukitaka vinyunyizio, weka bajeti ya pampu na umeme. Mimi ningechagua matone: maji yanaingia kwenye mizizi, upepo hauyapeperushi, na magugu katikati ya mistari hayapati kitu. Mwagilia alfajiri au jua likishazama.

Udongo usiuchukulie poa. Sehemu nyingi ni kichanga chekundu, na ukichimba kidogo tu unagonga tabaka gumu ambalo mizizi michanga haipenyi. Shimo la mti liwe na sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho, tabaka livunjwe kwa sururu, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Kwenye mbuga nyeusi matatizo ni kinyume, maji hutuama, kwa hiyo panda juu ya tuta. Kabla kijiko hakijasafisha kiwanja, zunguka na rangi uweke alama kwenye mikungugu (migunga ya miiba) iliyopo na visiki vinavyochipua. Mbinu ya kisiki hai, inayotumika vijijini mkoani hapa, ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu na kukata mengine. Mti wenye mizizi ya zamani hukua haraka kuliko mche wowote utakaonunua, na hauombi maji.

Mahali pa kupanda pana hesabu zake pia. Upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki, basi kinga ya miti iwe upande huo. Kivuli cha kupoza chumba kiwe magharibi, linakopiga jua la alasiri. Mwarobaini ni mti wa Dodoma kabisa lakini mizizi yake inatafuta maji, hivyo uweke mbali na shimo la maji taka, tenki la chini ya ardhi na msingi. Kwa kivuli cha baraza, mzabibu juu ya kichanja unafaa sana: hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora ni mahali pa kuuliza mbegu na namna ya kupogoa. Nje ya ukuta ni hifadhi ya barabara, ambamo mabomba na nguzo hupita. Uliza ofisi ya jiji kabla hujapanda kitu kikubwa hapo, na kwenye kiwanja cha kona usiweke kichaka kirefu kinachoziba macho ya madereva.

Mchwa na mbuzi wataijaribu bustani yako mwaka wa kwanza. Matandazo ya nyasi kavu yanahifadhi unyevu lakini pia huwaita mchwa, kwa hiyo yaache umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, na kagua kila wiki. Mbuzi huzuiwa na miiba ya mkungugu ikizungushwa kila mche, hata kama una geti, maana geti la nyumba inayojengwa halifungwi.

Miche iagize Oktoba, ichimbiwe mashimo Novemba udongo ukiwa bado mkavu, na ipandwe baada ya mvua mbili au tatu zilizolowesha hadi chini, kwa kawaida Desemba. Ikifika Machi hujapanda, ni heri uihifadhi kitaluni penye kivuli hadi msimu ujao, kwani mche uliopandwa mvua zikiisha utakuwa unaumwagilia kwa ndoo miezi saba kabla haujashika.