Kabla hujasema "mzee akili zimemwisha"

Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia watawa wa Kikatoliki nchini Marekani. Walifika 678, wakaridhia ubongo wao upimwe watakapofariki. Mmoja aliyejulikana kama Sista Mary alifariki akiwa na miaka 101. Ubongo wake ulikutwa na dalili nyingi za Alzaima, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu, na bado vipimo vya akili alivyofanya kabla ya kifo alivifaulu vizuri. Wataalamu huita uwezo huo akiba ya ubongo: masomo, kazi ya kufikirisha na kuishi na watu huijenga miaka mingi kabla ya mvi.

Lakini akiba peke yake haitoshi, ndiyo maana mimi ningeanza na masikio. Mzee anaulizwa kama amekula, anajibu kuhusu mvua, watu wanatazamana. Baadaye anaacha kwenda barazani, kwa sababu kuomba kila neno lirudiwe kunamtia aibu. Mpeleke akapimwe mapema. Huenda ni nta tu, na ikitolewa anarudi mazungumzoni. Macho nayo yasisubiri. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji.

Wewe mwenye miaka 40, pima presha na sukari sasa. Jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa sababu 14, zikiwemo hizo, zikishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Dawa zote za mzee, hata za mafua za dukani, zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo kliniki. Baadhi, kama klofeniramini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mafua, huweza kumchanganya mzee akaonekana hajitambui. Na akivurugikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si uzee. Yaweza kuwa maambukizi, sukari kushuka au upungufu wa maji. Hospitali siku hiyohiyo.

Tafadhali, msimnyang'anye mzee kazi zake kwa jina la heshima. Bibi anayechambua mchele, anayekwenda gengeni na kuhesabu chenji mwenyewe, aachiwe, hata akichelewa.

Andika leo kwenye daftari anayoyaweza bila msaada: kupika, kunywa dawa kwa wakati, kupanda daladala, kutuma pesa kwa simu. Siku daktari atakapouliza mabadiliko yalianza lini, utakuwa na jibu.