Namba za gari unalonunua zisipolingana na kadi ya usajili: kagua hivi kabla hujatoa hela

Dar injini hubadilishwa kila siku. Namba ya injini kutofautiana na kadi si ushahidi wa wizi. Namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, ikitofautiana, hapo pana tatizo kubwa.

Dai kadi yenyewe, siyo picha ya WhatsApp kutoka kwa dalali. Beba tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, karatasi na penseli.

Tuseme ni Toyota IST. Fungua boneti, utafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi: kwa mfano NCP60 au NCP61, kistari, halafu tarakimu saba. Futa uchafu kwa mafuta ya taa. Usiguse msasa wala brashi ya waya, maana ukikwangua chuma utaonekana wewe ndiye uliyeichezea. Bandika karatasi juu yake, pitisha penseli kwa ubapa, namba itajitokeza yote. Tarakimu ziwe na kina kimoja na zikae kwenye mstari. Rangi mpya hapo tu, puti, au alama ya kuchomelea kuzunguka bati: usitoe hata advansi. Kibati cha taarifa chenye namba hiyo kisikutulize, kinang'oka na kuhamishiwa gari lingine.

Namba ya injini iko kwenye bloku, karibu na inapoungana na gia boksi, na mara nyingi imezibwa na grisi. NCP60 ilitoka kiwandani na injini ya 2NZ ya cc 1298. NCP61 ina 1NZ ya cc 1496. Ukikuta 1NZ ndani ya NCP60, injini si yake.

Kabla ya kumshuku mtu, angalia makosa ya uandishi: 0 na O, 8 na B, 5 na S. Hayo mwenye kadi akayarekebishe TRA, Mamlaka ya Mapato.

Injini ikiwa imebadilishwa kweli, dai risiti ya duka, iwe Gerezani au Ilala, yenye namba ya injini hiyo, na muuzaji mwenyewe aombe TRA wabadili taarifa kabla ya mauziano. Akisema "utabadilisha mwenyewe baadaye", kataa. Bila risiti, wewe ndiye utakayeulizwa injini ilitoka wapi, na huenda ilichomolewa kwenye gari la wizi.

Kagua pia vioo na taa: namba ya usajili ya gari lingine ikiwa imechongwa humo, uliza spea hizo zimepatikanaje.

Kwenye mkataba wa mauziano andika namba zote mbili ulivyozisoma kwenye gari, usinakili za kwenye kadi.