Kuchagua Kompyuta Inayotumia Umeme Kidogo kwa Kituo cha Hali ya Hewa cha Nyumbani

Siku ambayo mvua kubwa inanyesha Dar es Salaam ndiyo siku ambayo, mara nyingi, umeme hukatika. Kituo cha nyumbani kinachopima vizuri mwezi mzima wa Julai kisha kikanyamaza usiku wa masika kimekosa data iliyokuwa na thamani kuliko zote. Kwa sababu hiyo, mtu anapoomba ushauri wangu kuhusu kompyuta ya kuendeshea kituo, swali langu la kwanza halihusu kasi. Namuuliza itadumu saa ngapi umeme ukishakatika, na umeme ukirudi, je, itajiwasha yenyewe ikiwa inajua ni saa ngapi?

Hatua ya kwanza: Ijue kazi yenyewe

Kituo cha kawaida hupima halijoto, unyevu, mgandamizo wa hewa, upepo na mvua. Ukihifadhi vipimo kila baada ya dakika 5, unapata mistari 288 kwa siku, mzigo ambao hata bodi ndogo kabisa (kompyuta nzima juu ya kibao kimoja) inaubeba bila shida. Sehemu inayohitaji umakini ni mvua. Ndani ya kipimamvua kuna kijiko chenye pande mbili. Upande mmoja ukijaa maji, kijiko hupinduka, sumaku hupita mbele ya swichi ndogo, na swichi hujifunga kwa kitambo kifupi sana. Katika aina moja inayopendwa na wapimaji wa nyumbani, kila mpinduko ni milimita 0.2794 za mvua. Kompyuta ikikosa mipinduko 10, umepoteza karibu milimita 2.8, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Hatua ya pili: Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua

Kifaa kinachotumia wati 1 mchana na usiku humaliza uniti 8.76 za LUKU kwa mwaka. Kompyuta ya mezani ya zamani inayotumia wati 60 itamaliza uniti 526 kwa muda huohuo, laptopu ya wati 15 uniti 131, na bodi ya wati 3 uniti 26.

Hata hivyo, hesabu yenye uzito zaidi ni ya betri. Chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya ukubwa wa tofali dogo inayotumika kwenye mifumo ya kengele za ulinzi. Ina wati-saa 84, lakini kwa kuwa betri za risasi huharibika zikikamuliwa hadi mwisho, tumia nusu tu, yaani 42, kisha uondoe takriban asilimia 15 inayopotea wakati wa kushusha volti hadi 5. Zinabaki wati-saa 35 hivi. Kifaa cha wati 1 kitaishi saa 35, cha wati 3 kitaishi saa 12, na ile laptopu itazimika kabla ya saa 3 kutimia.

Hatua ya tatu: Chagua aina ya kifaa

Bodi iitwayo Raspberry Pi Zero 2 W ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Ikiendeshwa bila skrini, hutumia takriban wati 1, na inaendesha WeeWX, programu ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa, pamoja na hifadhidata yake bila kulalamika. Raspberry Pi 4 na 5 ni nzuri, ila zinatumia karibu wati 3 hata zikiwa zimetulia, na kwa kazi hii huo ni umeme unaogeuka joto tu.

Kama kituo kitakuwa mbali na soketi, tafuta ESP32, bodi ndogo zaidi yenye waifai. Chipu yake ikiwa katika usingizi mzito hutumia maikroampea chache tu, ingawa bodi nyingi hutumia zaidi kwa sababu ya vipuri vingine vilivyobandikwa juu yake, hivyo pima bodi uliyonayo. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Lazima uipange iamshwe na pini ya kipimamvua, la sivyo mvua itanyesha ikiwa imelala. Pia lazima iwe na mahali pa kutunza vipimo wakati ruta imezimika, kwa maana umeme ukikatika nyumba nzima, waifai nayo huondoka, na kipimo kilichotumwa hewani hakimfikii mtu.

Laptopu ya zamani ina betri yake na saa yake, na kama tayari unayo kabatini, anza nayo. Kasoro yake ni kwamba betri ikiisha kabisa, laptopu nyingi hazijiwashi umeme unaporudi. Mtu lazima awepo abonyeze kitufe.

Hatua ya nne: Ipe saa yake

Hapa ndipo nilipoumia. Katika masika yangu ya kwanza, umeme ulikatika hapa Tabata saa mbili usiku ukarudi saa saba, lakini intaneti haikurudi hadi asubuhi. Wakati huo sikuwa na betri, na bodi yangu haikuwa na saa inayoendelea kutembea ikiwa imezimwa, hivyo ilipowaka iliendelea na saa ya mwisho iliyokuwa imeihifadhi, yaani saa mbili usiku. Mvua ilianza kupiga bati saa nane; niliisikia kwa masikio yangu. Asubuhi nilipofungua rekodi, nilikuta mvua ileile imeandikwa kuwa ilianza saa tatu usiku. Milimita zilikuwa sahihi, saa zote zilikuwa za uongo.

Dawa yake ni moduli ya DS3231, yaani saa ndogo ya kuunganisha na bodi, yenye betri ya kitufe, ambayo hukosea takriban dakika moja tu kwa mwaka. Moduli nyingi za bei nafuu zina mzunguko wa kuchaji, ilhali betri ya kitufe aina ya CR2032 haipaswi kuchajiwa. Kwa hiyo unganisha moduli na pini ya volti 3.3, usiitie volti 5. Raspberry Pi 5 ina saa ndani yake, lakini bado inahitaji uichomekee betri.

Hatua ya tano: Kadi, chaja na waya

Nunua kadi ya kumbukumbu iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za ulinzi, kwa kuwa imekusudiwa kuandikwa mfululizo, na nakili data kwenye kifaa kingine kila siku. Usitumie waya wowote uliookotwa mezani. Waya mwembamba hushusha volti, na Raspberry Pi hulalamika zikishuka chini ya takriban 4.63; amri ya vcgencmd get_throttled itakuonyesha kama hilo limewahi kutokea tangu bodi ilipowashwa.

Hatua ya sita: Mahali pa kuiweka

Kompyuta ikae ndani, na vihisi vikae nje. Kihisi cha halijoto kikifungiwa boksi moja na bodi, kitapima joto la bodi. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi hula pini za shaba haraka, kwa hiyo paka viungo vya nje vanishi ya kuzuia kutu na uelekeze matundu ya waya chini. Ziba pia kila upenyo kwa ajili ya sisimizi na mijusi.

Hatua ya saba: Jaribu kabla ya Machi

Zima ruta, kisha chomoa chaja ukutani wakati kituo kinafanya kazi na uache betri ibebe mzigo usiku kucha. Kesho yake tenganisha na betri kwa dakika 10, urudishe umeme bila kuwasha ruta, na usiguse kitu kingine. Mimina polepole maji ya ujazo unaoujua kwenye kipimamvua na uhesabu mipinduko kwa sikio. Fungua rekodi na ulinganishe mambo mawili: idadi ya mipinduko, na saa iliyoandikwa dhidi ya saa ya simu yako. Kimoja kikitofautiana, rudi kwenye hatua yake na urekebishe, kisha chomoa tena.