Jinsi ya Kuchagua Pedali za Kunasa Kiatu kwa Baiskeli ya Mbio

Waingereza huziita pedali "zisizo na klipu", jina linalomchanganya kila anayelisikia mara ya kwanza, kwa sababu kazi yake ni kukishika kiatu. Klipu inayosemwa ni kile kikapu cha chuma na mkanda ambavyo waendesha baiskeli wa zamani walifungia miguu. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vishikizo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedali inayonasa kiatu kwa springi, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia. Kipande kinachofungwa chini ya soli huitwa kliti: unakanyaga mbele na chini kunasa, unazungusha kisigino kwenda nje kujinasua.

Kabla ya kuuliza bei ya pedali, geuza kiatu chako uhesabu matundu. Matundu matatu yaliyokaa pembetatu ni ya mfumo wa barabarani, kama Keo ya Look au SPD-SL ya Shimano, kampuni ya Japani. Mawili yaliyo sambamba ni ya SPD, mfumo mwingine wa Shimano ulioanzia kwenye baiskeli za milimani. Usidanganywe na macho: kliti ya Keo na ya SPD-SL hufanana, tena hutumia matundu yaleyale, lakini kliti ya mmoja hainasi kwenye pedali ya mwingine. Pedali mpya kwa kawaida huja na kliti zake ndani ya boksi, ilhali za mtumba mara nyingi huja tupu, kwa hiyo ingiza gharama hiyo katika hesabu kabla ya kushangilia bei.

Jambo linalostahili muda wako kuliko uzito wa pedali ni mchezo wa kliti, yaani digrii ambazo kisigino kinaweza kuyumba kabla kiatu hakijaachia. Goti lisilopata nafasi ya kufuata njia yake litakulipiza baada ya saa mbili za kupanda mlima. Mchezo huo hutambulishwa kwa rangi, na hapa pana mtego: kliti nyekundu ya Keo ina digrii 9, ya kijivu 4.5, na nyeusi haina mchezo kabisa; kwa Shimano ya njano ina digrii 6, ya buluu 2, na nyekundu ndiyo isiyo na mchezo. Anayehama kampuni na kununua nyekundu kwa mazoea anatoka kwenye uhuru wote na kuingia kifungoni. Anayeanza achukue ya njano ya Shimano, au ya kijivu au nyekundu ya Look.

Kwa anayekwenda kazini kwa baiskeli, akishuka kila mara dukani au kwenye ngazi za ofisi, mimi ningemshauri achukue SPD hata kama baiskeli yake ni ya mbio. Kliti yake ya chuma hujificha ndani ya soli na mtu hutembea kama kawaida, wakati kliti za plastiki za matundu matatu hulika kwa saruji na kuteleza juu ya vigae. Kuhusu pedali za kaboni na gramu chache zinazopungua, mwachie anayelipwa kushindana.

Wakati wa kufunga, paka grisi kwenye nyuzi za skrubu na ukumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume na saa. Weka kliti chini ya fundo la kidole gumba cha mguu, kisha legeza springi hadi karibu na mwisho wa alama ya kutoa. Shika ukuta ukiwa umekaa juu ya baiskeli, unase na kujinasua mara thelathini kwa kila mguu. Mimi niliona zoezi hilo la kitoto, nikaanguka kama gunia kwenye taa nyekundu mbele ya daladala iliyojaa. Tangu siku hiyo hunasua mguu mmoja mita ishirini kabla ya kusimama.

Kliti zikianza kunasuka zenyewe unaposimama juu ya pedali, zimelika. Kabla ya kuzifungua, chora mzingo wake kwenye soli kwa kalamu ya wino mzito, ili mpya zikae palepale ambapo magoti yako yamekwisha kuzoea.