Pima volti kabla ya kusifia amplifaya ya hedifoni
Ukitaka kujua kama kweli unaipenda amplifaya hii kuliko ile, sawazisha kwanza sauti zake kwa multimita. Cheza mlio wa hezi 300 (multimita nyingi za bei nafuu hukosea kwenye milio ya juu zaidi), hedifoni ikiwa imechomekwa lakini umeivua kichwani, kisha rekebisha volyumu hadi multimita isome volti 0.300 za AC kwenye amplifaya zote mbili. Tofauti isizidi 0.003, yaani kama desibeli 0.1. Sauti iliyozidi kidogo tu sikio haliisikii kuwa kubwa; huisikia kuwa safi zaidi, yenye besi nzito. Mimi nilipopima, nusu ya utamu niliokuwa nausifia kwenye amplifaya yangu ya valvu (ile ya taa za kioo za zamani) ulitoweka.

Nusu iliyobaki ndiyo multimita haiwezi kuisawazisha. Hedifoni ya Sennheiser HD 600 ina ukinzani wa omu 300, ila karibu na hezi 100 hupanda kuelekea 500. Amplifaya ya valvu yenye ukinzani wa omu 100 kwenye tundu la hedifoni itaiongezea besi karibu desibeli 1, kwa kuwa penye ukinzani mkubwa hedifoni hupata sehemu kubwa zaidi ya volti, hata volti zikilingana kwenye hezi 300.