Funua majani yaliyooza, uone msitu unavyoishi

Chukua vijiti vinne na kamba. Tafuta mahali chini ya mti ambapo hapajafagiwa siku nyingi, pima mraba wa mita 1, kisha piga magoti. Mimi hufanya hivi kila mvua zinapoanza, na ndivyo ninavyomjibu anayeniuliza mfumo wa ikolojia (viumbe wa mahali pamoja, na wanavyotegemeana wao kwa wao na mazingira yao) ni kitu gani.

Funua majani tabaka kwa tabaka. Ya juu ni makavu na yana umbo lake. Yanayofuata yametafunwa yakabaki mishipa tu, kama wavu: hiyo ni kazi ya jongoo na wadudu wadogo kuliko punje ya mtama. Chini zaidi, nyuzi nyeupe za kuvu zimeyashikanisha hata yanainuka pamoja kama kipande cha mkeka. Nusa. Ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa hutengenezwa na bakteria waliomo humo. Ukifika kwenye udongo mweusi, jani limekwisha kuwa chakula cha mizizi. Hapa usiharakishe. Bila waozeshaji hawa, rutuba ingebaki imefungwa ndani ya majani makavu, na mti ungekufa njaa juu ya akiba yake.

Sasa chora mishale, kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa mlaji: jani, nyungunyungu, ndege, mwewe. (Tandu usimshike, anauma vibaya.) Kwa kawaida ni kama sehemu 1 tu kati ya 10 ya nishati inayovuka kila mshale, ndiyo maana nyungunyungu ni wengi na mwewe ni wachache.

Kisha funika jina moja kwa kidole, ujiulize nani atalala njaa na nani atazidi. Mwaka 1963, kwenye miamba ya Makah Bay, Marekani, mwanaikolojia Robert Paine alijaribu jambo hilo kwa vitendo: alianza kuwaondoa viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota. Kome waliokuwa wakiliwa nao wakajaa mwamba mzima, na aina 15 za viumbe zikabaki 8.

Ukimaliza, rudisha majani kwa mpangilio uleule. Usiyachome, wala usinyunyizie dawa ya wadudu. Haimchagui wa kuua. Mraba wangu mmoja niliukuta umechomwa, udongo mgumu kama sakafu, jongoo hakuna. Nikamwaga hapo magunia mawili ya majani. Mvua hizi nimeziona nyuzi nyeupe tena, upande mmoja tu, karibu na shina.