Unataka kujaribu beta ya Python? Usiiguse ile ya kazini

Kwanza kabisa usifute Python unayotumia kila siku, beta (toleo la majaribio, kabla ya lile rasmi) unaiweka pembeni, zote zinakaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, we ukitaka ya beta unaiita kwa namba yake tu, mfano python3.13 ilipokuwa bado beta mwaka 2024. Ukiona 3.13.0b1, hiyo b ndo beta, ikifika rc (release candidate, yaani karibu toleo rasmi) basi imekaribia kutoka.

Alafu fungua folda mpya, andika python3.13 -m venv jaribio (inakutengenezea mazingira yaliyotengwa), yawashe, ndo uweke laibrari humo. Hapa ndo wengi wanakwama: laibrari nyingine hazina faili zilizotengenezwa tayari kwa toleo jipya, so pip (programu inayoweka laibrari) inaanza kuzijenga yenyewe toka kodi ya lugha ya C, skrini inajaa nyekundu... usipaniki, mara nyingi wala si kosa lako.

Endesha testi zako na -W error kwenye amri ya python, maonyo yote yanageuka makosa. Usiyadharau, maonyo kuhusu distutils (moduli ya zamani ya kufungasha na kuweka programu za Python) yalitoka muda tu, 3.12 ikaja bila hiyo, programu kibao za zamani zikagoma.

Ukikuta bagi, punguza programu mpaka ibaki mistari mitano hivi inayoleta shida, ndo uripoti, na utaje toleo kamili.